Mfalme Mwenye Kigugumizi

Tumezoea kuandika habari za vitabu, maana kitabu chaweza kuazimwa na kurudishwa, na mtu asiyeelewa aweza kurudi nyuma akasoma tena. Habari za sinema tumezikwepa. Sinema hupita mbio, na watu hubishana kesho yake juu ya mambo ambayo pengine hayakuwamo. Lakini wakati wa likizo iliyopita tulitazama sinema moja nyumbani kwa mwalimu mwenzetu, juu kidogo ya barabara ya Usa River, nasi tangu siku ile hatujaacha kuifikiri. Walikuwapo watu wa nyumba ile, vijana watatu wa kwaya, na mzee mmoja jirani aliyezaliwa Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima. Twamtaja mzee huyu mapema kwa sababu neno lake moja litarudi mbele.

Jina la sinema ni The King's Speech, maana yake Hotuba ya Mfalme. Si mpya. Ilitoka mwaka 2010, na mwaka 2011 huko Marekani ikapewa zawadi nne za Oscar, mojawapo ikiwa ile ya sinema bora ya mwaka. Aliyeiandika ni David Seidler, na aliyeiongoza ni Tom Hooper. Maneno yote ni ya Kiingereza, basi mwenyeji wetu aliketi karibu na televisheni akitufasiria, na ilikuwa kazi ngumu, kwa kuwa watu wa sinema hawamngoji mfasiri. Ila palipofika mahali ambapo mfalme alishindwa kusema, mfasiri naye alinyamaza, na hakuna aliyemwuliza kitu. Mahali hapo palieleweka kuliko pengine pote.

Kisa chenyewe ni hiki. Mfalme George wa Tano wa Uingereza alikuwa na wana, na wa pili wao aliitwa Albert, Duke wa York. Tangu utoto Albert alikuwa na kigugumizi. Mwaka 1925 baba yake alimpa kazi ya kufunga Maonyesho ya Dola ya Kiingereza pale Wembley, London, kwa hotuba iliyosikika pia kwa redio. Sinema yaanzia hapo. Twaona ngazi, twaona kipaza sauti, twaona maelfu ya watu wamesimama na kuvua kofia, kisha twasikia neno la kwanza likikwama, na kimya kikienea uwanja mzima. Watu wainamisha macho. Mke wake, Elizabeth, asimama nyuma yake machozi yakimlengalenga.

Baada ya matabibu wengi kushindwa, mmoja wao akimjaza kinywani gololi za kioo, mke wake amtafutia mtu mwingine, Lionel Logue, Mwaustralia, asiye na shahada ya udaktari, aliyejifunza kazi yake kwa kuwasaidia askari waliorudi na mashaka ya kusema kutoka vita vya 1914 hadi 1918. Logue ana masharti. Mgonjwa aje kwake, si yeye kwenda kwa mgonjwa. Tena ndani ya chumba chake hakuna Duke wala mtukufu, kila mtu aitwe jina lake la nyumbani. Duke akasirika, aondoka, arudi, aondoka tena. Halafu baba afa Januari 1936. Kaka yake, Edward, akiisha kutawala chini ya mwaka mmoja, aacha kiti mwezi wa Desemba kwa ajili ya mwanamke aliyempenda, na yule asiyeweza kusema sentensi nzima apata kuwa Mfalme George wa Sita. Tarehe 3 Septemba 1939 Uingereza yaingia vitani na Ujerumani. Jioni ile lazima mfalme aseme na watu wake wote kwa redio, na hapo ndipo sinema yafikia kilele chake.

Sasa tuseme tulivyoiona.

Uzuri wake wa kwanza ni kwamba haikufanya kigugumizi kuwa jambo la kuchekesha. Sisi tumeona michezo mingi, ya shule na ya mjini, ambamo mwenye kigugumizi huletwa jukwaani ili watu wacheke, kisha hutolewa. Hapa Colin Firth, aliyeigiza kama mfalme, hakuiga tu kurudiarudia herufi kama watoto wafanyavyo wakidhihaki. Alionyesha kile kinachotangulia neno: koo linavyofunga, shavu linavyocheza, macho yanavyotafuta mlango wa kutokea. Kwa kweli sehemu kubwa ya kazi yake katika sinema hii ni kunyamaza. Na mwongozaji alikuwa na akili ya kumweka pembeni mwa picha, mara nyingi ukutani, ukuta mkubwa mtupu kando yake, hata mtazamaji aona kwa macho ule upweke wa mtu ambaye neno lake limekwama. Kijana mmoja wa kwaya alituuliza kwa nini picha imekwenda upande. Tulimwambia haijakwenda upande.

Geoffrey Rush, aliyeigiza kama Logue, twamsifu kwa jambo jingine. Ni mwalimu. Twasema hivi kama walimu, nasi si wepesi wa kusifu walimu wa kwenye sinema, maana wengi wao hutoa hotuba nzuri na watoto hubadilika papo hapo. Huyu hungoja. Hukosea pia: kuna siku amsukuma mwanafunzi wake kupita kiasi bustanini, na urafiki wavunjika kwa muda. Tena ana hila ndogo za kazi zinazopendeza sana. Siku ya kwanza ampa Duke kitabu cha Shakespeare asome, na kumwekea masikioni muziki mkubwa wa Mozart ili asijisikie, naye apige dau la shilingi moja kwamba atasoma bila kukwama. Duke hana hiyo shilingi. Watu wa ukoo wake hawatembei na fedha, na Logue ndiye amkopeshaye. Duke asoma akiwa hasikii sauti yake mwenyewe, akata tamaa katikati, aondoka kwa hasira. Lakini Logue alikuwa akiinasa ile sauti katika sahani ya santuri, na usiku mmoja Duke aiweka sahani nyumbani kwake, na kumbe alisoma vizuri kama maji. Deni la shilingi lalipwa baadaye sana, nasi tulifurahi kuona kwamba mwandishi hakulisahau.

Mwandishi huyo, Seidler, alikuwa mwenyewe na kigugumizi utotoni, na mfalme huyu alikuwa kwake mfano wa kumtia moyo. Alipotaka kuandika kisa hiki, mjane wa mfalme alimwomba asubiri hata yeye mwenyewe afe, kwa kuwa kumbukumbu zile zilimwumiza. Seidler alingoja. Mjane huyo alifariki mwaka 2002, akiwa na miaka 101. Twaona kwamba kungoja huko kumeingia ndani ya kazi yenyewe. Hakuna haraka ndani yake.

Makosa yapo, wala hatutayaficha. La kwanza ni la tarehe. Atazamaye sinema hii adhani kwamba mfalme alitengenezwa ulimi wake karibu na kutawazwa kwake, kwa kukimbizana na vita. Sivyo. Alikutana na Logue Oktoba 1926, na miezi michache tu baadaye, Mei 1927, aliweza kufungua Bunge jipya la Australia pale Canberra kwa hotuba aliyoimaliza. Kazi iliyofuata ilikuwa ya kulinda na kutengeneza, mwaka baada ya mwaka. Mtungaji wa sinema amekunjakunja miaka ili kamba iwe fupi na ivutike. La pili, Winston Churchill aonyeshwa kama rafiki wa Albert tangu mwanzo wa shida ile ya 1936, hali ukweli ni kwamba alimtetea Edward. Haya ni makosa ambayo mtu wa kawaida hawezi kuyajua, na kwa hiyo ni mabaya zaidi, kwani huingia kichwani kimyakimya yakakaa humo kama historia.

La tatu tulilibishania sana chumbani. Logue amwambia mwanafunzi wake atoe matusi, kwa sauti, mfululizo, maana akitukana hakwami. Mwenyeji wetu hakuyafasiri, na vijana walicheka kwa sababu waliyajua bila kufasiriwa. Mama wa nyumba alisema afadhali sehemu ile ingekatwa. Sisi twaona haikuwekwa ili kupendeza walevi. Yaonyesha jambo la kweli kuhusu ulimi, kwamba neno litokalo bila kupangwa hupita njia nyingine. Lakini mzazi anayetaka kuitazama pamoja na watoto wadogo ajue mapema kwamba yamo.

La nne ni zito kuliko yote. Sinema yapenda tuamini kwamba kigugumizi cha mfalme kilitokana na mateso ya utotoni: baba mkali, yaya aliyemfinya na kumnyima chakula, mkono wa kushoto uliolazimishwa kuwa wa kulia, miguu iliyofungwa vyuma. Mateso hayo hatuyapuuzi. Lakini wataalamu wa leo hawakubali kwamba hofu au malezi ndiyo chanzo. Wasema kigugumizi huanza kwa kawaida katika umri mdogo, mtoto anapojifunza kuunga maneno, nacho hutoka katika namna ubongo unavyoendesha usemi, tena mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Watoto wengi hupona wenyewe. Kati ya watu wazima hubaki karibu mmoja katika mia, wanaume wengi kuliko wanawake. Hofu hukizidisha, lakini haikizai. Twalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu hapa kwetu mama mwenye mtoto wa namna hii hulaumiwa mara mbili: kwanza na jirani wanaosema mtoto alitekenywa au alitishwa, na pili na sinema nzuri kama hii.

Msomaji wa Biblia hatakosa kumkumbuka Musa, aliyejitetea mbele ya Mungu kwamba ulimi wake ni mzito, akapewa Haruni ndugu yake awe msemaji wake. Twaona hapa tofauti yenye kufikirisha. Logue si Haruni. Hasemi hata neno moja kwa niaba ya mfalme. Katika chumba kile kidogo cha redio, yeye asimama mbele yake tu, akipunga mikono polepole kama mwalimu wa kwaya, na midomo yake yakwenda bila sauti. Muziki unaoandamana na hotuba hiyo ni wa Beethoven, Mjerumani, jambo ambalo wengine wameliona ni la ajabu kwa hotuba ya kutangaza vita na Wajerumani. Kwetu halikuharibu kitu. Tuliketi wote tumeshika pumzi, watu wa Meru, tukimwombea Mwingereza aliyekufa zamani amalize sentensi yake.

Alipomaliza, na watu wakampigia makofi, vijana wetu nao walipiga makofi. Ndipo yule mzee akasema, “Mwalimu, huyu bwana alisema nini?”

Mwenyeji alimjibu, “Alisema, Mzee, kwamba vita vimekuja, watu wawe imara.”

“Hayo nayajua. Nauliza, juu yetu alisema nini?”

Mwenyeji alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba mfalme aliwataja watu wake wa nyumbani na wa ng'ambo pamoja.

“Basi sisi tulikuwa wa ng'ambo,” mzee akasema, akanyamaza.

Hili ndilo neno tuliloahidi kulirudia. Sinema yenyewe, mwanzoni kabisa, yamwambia mtazamaji kwamba mfalme wa Uingereza alitawala robo ya watu wa dunia. Baada ya hapo robo hiyo haionekani tena. Duke huyu na mke wake walifika Afrika ya Mashariki mwishoni mwa 1924, wakatembea Kenya na Uganda katika miezi ya kwanza ya 1925, kabla ya siku ile ya Wembley. Safari hiyo haitajwi. Tanganyika haikuwa koloni kwa sheria, bali nchi ambayo Uingereza ilikabidhiwa na Chama cha Mataifa, lakini sura ya mfalme huyu ilikuwa mifukoni mwa babu zetu. Mzee alituonyesha. Alikwenda kwake akarudi na shilingi ya Afrika Mashariki aliyoitunza, upande mmoja kichwa cha George wa Sita, upande wa pili simba mbele ya milima. Ikapita mkono kwa mkono. Kijana mmoja akasema, “Hii ndiyo ile aliyokopeshwa?” Tulicheka wote, naye mzee akacheka.

Jioni ile ya Septemba 1939 hapakuwa na kituo cha redio Tanganyika. Cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951. Hata hivyo matokeo ya hotuba ile yalifika hapa upesi. Wajerumani waliokuwa na mashamba kuzunguka Arusha walikamatwa, na wamishonari wa Leipzig, waliofanya kazi Meru kwa miaka mingi, walitiwa kizuizini pia, hata sharika zikabaki mikononi mwa wachungaji wenyeji wachache na walimu, kabla Walutheri wa Marekani hawajaja kusaidia. Vijana wa Tanganyika waliingia King's African Rifles, wakapigana Ethiopia, Madagascar na Burma. Na kwa kuwa vita vilianza kwa Ujerumani kuivamia Poland, tangu mwaka 1942 Wapoland wapatao elfu tano, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa kukaa kambini Tengeru, ambako makaburi yao yapo mpaka leo. Sinema yaishia kwenye roshani ya kasri, familia ikipunga mikono. Sisi twaishi mahali ilipoendelea.

Tena yako ya baada ya vita. Mwaka 1947 jaji Wilson alitoa ushauri kwamba nchi iliyo kati ya Kilimanjaro na Meru iwe eneo moja la mashamba ya wazungu. Kuanzia Novemba 1951 serikali iliwaondoa Wameru wa Ngare Nanyuki kwa nguvu, watu wapatao elfu tatu, nyumba zikachomwa moto, ng'ombe wakaswagwa, hali sehemu ya ardhi ile walikuwa wameinunua kwa fedha zao wenyewe. Mzee wetu alikuwa mtoto mdogo, akumbuka moshi. Mfalme alifariki tarehe 6 Februari 1952, binti yake akiwa Kenya. Mwaka huohuo Wameru walimtuma Kirilo Japhet mpaka New York, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Kirilo akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa akaeleza yaliyowapata watu wake. Mwisho wa mwaka Mkutano Mkuu ulipopiga kura juu ya kurudisha ardhi, theluthi mbili zilizotakiwa hazikupatikana.

Hatusemi kwamba sinema ingepasa kueleza hayo. Sinema moja haibebi dunia nzima, na hii ilichagua chumba kidogo na watu wawili, ikafanya vizuri. Lakini twaona inatuomba jambo moja kubwa, yaani tuamini kwamba sauti ya mtu ikifunguka, tayari jambo jema limetendeka. Maneno yenyewe ya hotuba yamezamishwa katika muziki. Kilicho muhimu ni kwamba yalitoka. Mzee aliuliza yalisema nini, na nani aliyasikia. Kirilo hakuwa na kigugumizi, alisema wazi mbele ya mataifa, na kura hazikutosha. Mwandishi mwenye moyo kama wa Seidler angeweza kutengeneza sinema kubwa kwa kisa hicho, na mandhari yake ingekuwa mlima huu huu. Wageni walikuja Momella mwaka 1961 kupiga picha za sinema ya Hatari! ya John Wayne, wakafukuza vifaru na twiga. Kisa cha Ngare Nanyuki walikuwa wamekipita njiani.

Pamoja na hayo, twawashauri wasomaji waitazame, hasa walimu. Na sababu yetu twaieleza kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mwanafunzi aliyeshindwa kuitikia jina lake tulipoita mahudhurio. Neno “nipo” lilimkwama. Tulidhani ni jeuri, tukamsimamisha mpaka aseme, na darasa zima likimtazama. Kisha wakati wa Krismasi aliimba ubeti mzima peke yake kanisani, hakukwama hata mara moja, nasi tukasema, basi, tumemgundua, kumbe aweza. Januari tulizidi kumsimamisha. Katika sinema Logue amfundisha mfalme kuimba yale asiyoweza kusema, kwa kuwa wimbo hupita mahali ambapo usemi hukwama. Tulipofika hapo tulitazama chini, kama wale watu wa Wembley.

Kijana huyo sasa ni fundi wa pikipiki, karibu na soko la Tengeru. Tukipita hutusalimu, na kwa miaka yote hiyo, alipoanza “sh-”, sisi tulimkatiza kwa “marahaba” ili asihangaike, tukaenda zetu. Juma lililofuata tulipita tena. Akaweka spana chini, akaanza. Tulisimama. Bodaboda mbili zilipita, na mteja wake akageuka kututazama. Hata akaimaliza shikamoo yake yote, kisha akaongeza, kwa kukwama mara tatu, kuuliza habari za watu wa nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kupata nafasi ya kutuuliza.